Ukili wa Mkaaji

Nianze na upumbavu wangu, msije mkanipenda bure. Nilichonga muhuri wa serikali kwa kiazi kitamu. Yule ndege wa Wadachi, ambaye kwenye karatasi za boma amepanua mabawa kama anayetaka kumeza nchi, kwangu alitoka kama kuku aliyenyeshewa. Nikampaka wino wa shule, nikamgonga chini ya barua niliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ambao mwalimu husema ni wa karani na si wa mwanafunzi. Nikaitazama kazi yangu nyuma ya choo cha shule, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Barua ilikuwa ya bibi mmoja wa hapa kwetu Mlali. Hapa karatasi za boma huletwa na tarishi kwa mwalimu, na mwalimu hutugawia wanafunzi tuzipeleke kwa wenyewe. Na mwenyewe asipojua kusoma, na karibu wote hawajui, aliyepeleka ndiye anayesoma. Kwa hiyo ile barua niliiandika mimi, nikaipeleka mimi, nikaisoma mimi. Nilisimama mbele ya mtu mzima, nimefunga mikono nyuma kama tulivyofundishwa, nikamsomea uongo wangu kwa sauti nzuri, bila kukosea hata neno.

Nitafika huko. Kwanza yeye.

Tulimwita Mkaaji. Jina lake analo, lakini sitaliandika, nimeshalichafua vya kutosha. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa. Hakuwa mkunga. Wakunga tunao wawili na wote walikuwa wakimwogopa. Mkunga humaliza kazi yake mtoto akilia, na Mkaaji alianza yake mama akilia, au, kibaya zaidi, mama asipolia kabisa. Maana wako wanawake wanaojifungua salama, maziwa yakaja, nderemo zikapigwa, halafu wakageukia ukutani. Mtoto akiletwa humtazama kama mzigo ambao mpita njia ameusahau kwao. Hawali. Hawalali, au hawaamki. Wengine huanza mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, wakaongea na mafiga kuliko wanavyoongea na watu.

Watu wetu husema ni pepo. Mkaaji hakuwa na muda na pepo. "Mtoto amefika," alikuwa akisema, "mama bado yuko njiani. Mtu akiwa njiani unamngoja. Humpigii ngoma."

Basi akiitwa alikuja na vitu viwili tu: kigoda chake na fungu la ukindu kichwani. Kigoda alikiweka mlangoni, akakikalia, na kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa yake kwa siku arobaini. Mume mwenye nyumba alikuwa mgeni. Mama mkwe alikuwa mgeni. Kuku walikuwa wenyeji kwa kuwa hawaulizi maswali. Sheria zake zilikuwa tatu na alizisema kwa kila mtu kwa sauti ya ugomvi: hakuna kumwambia mzazi hongera, hakuna kumwambia pole, na hakuna kumuuliza ana nini.

Nilimsikia siku moja akishindana na mke wa imamu, mama mnene wa watu, aliyefika na bakuli la uji na khanga mpya.

"Hodi. Nimekuja kumpa mzazi hongera."

"Nipe mimi."

"Wewe kwani umezaa?"

"Sijazaa, ndiyo maana ninayo nafasi ya kuipokea. Yeye amejaa. Uji weka hapo."

Mke wa imamu aliweka uji hapo, akarudi zake akinung'unika, na Mkaaji akaunywa ule uji wote kabla mama wa watu hajafika kona. Alikuwa mlafi, sina namna nyingine ya kusema. Nyumba iliyomwita Mkaaji ilihesabu kuku wake upya. Lakini hata ulafi wake ulikuwa na kazi. Kuna mwanamke wa upande wa mtoni, mimba yake ilikuwa kubwa tayari, aliyekaa siku nne bila kutia kitu mdomoni. Walimbembeleza, walimsomea, walimtisha kwamba mtoto atatoka mkavu kama kisamvu cha jana. Mkaaji alikuja, akaagiza kuku achinjwe, akakaa mbele ya yule mwanamke akala. Hakumkaribisha. Alikula akinyonya mifupa kwa kelele, akifumba macho. Alipofika paja la pili mwanamke akatamka neno lake la kwanza tangu mwezi uandame.

"Niachie."

Mkaaji akampa lile paja, kisha siku nzima akalalamika kwa majirani kwamba ameonewa.

Msidhani alikuwa bibi mtamu. Sijawahi kuona mtu mwenye mdomo mchafu kama ule nje ya mlango, na mpole kama ule ndani ya mlango. Akivuka kizingiti ilikuwa kama amevua mdomo mmoja na kuvaa mwingine. Alinusa ugoro mpaka wakati wa kumpakata mtoto, na watoto wenyewe hakuwapenda. "Nimebeba wengi," alisema. "Wote wananuka maziwa na wote wazito." Lakini mzazi asipoweza kumbeba mwanawe, Mkaaji alimfunga mgongoni kama mzigo wa kuni, bila kumwimbia, bila kumchekea, na hakumshusha mpaka mama mwenyewe anyooshe mikono. Na alikuwa mwongo. Waume aliwaambia kwamba atakayeingia kabla ya arobaini ndevu zitapukutika. Mwanamume mmoja alikaa mwezi mzima akijipapasa kidevu, kwa kuwa alichungulia.

Wapiga ngoma za pepo aliwafukuza kwa mchi. Hata masista wa misheni, waliposhuka kutoka mlimani kumwombea mzazi mmoja, aliwauliza kama sala yao ina mikono. Sista mdogo akasema anadhani ndiyo. "Basi shika huku," Mkaaji akamwambia, akampa ncha ya ukili. Sista wa watu alisuka mpaka alasiri, vibaya sana, ukili umepinda kama njia ya kwenda Mgeta, na Mkaaji hakuufumua. Alisema mzazi alikuwa akiutazama ule upindo na amecheka kidogo kwa pua.

Ukili ndio ulikuwa dawa yake, kama alikuwa nayo. Hakuna asiyejua kusuka ukili hapa kwetu: unachukua ukindu, unausuka utepe wa upana wa vidole vinne, unaongeza ukindu mwingine, unaendelea. Ukitosha unaushona duara kwa duara unapata mkeka. Lakini kutosha ni wewe unayesema. Usiposema, ukili unaweza kwenda mpaka Kingolwira na kurudi. Mkaaji hakuwahi kusema umetosha. Alimkalisha mzazi upande wake, akampa ncha moja, naye akashika nyingine, na kila pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ikikaribia kwisha, vidole vyake vilikuwa vimeshaingiza ukindu wa pima inayofuata.

Nilisikia kwa masikio yangu alivyokuwa akiutumia, maana nilikuwa na tabia ya kusikiliza kwenye kuta za watu. Nyumba ilikuwa ya jirani yetu Salehe, naye alikuwa kwenye kazi ya reli mbele ya Kilosa. Mkewe Zuhura alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki mbili nyuma. Zuhura huyu namjua tangu anachota maji na dada zetu. Alikuwa mcheshi, tukitaniana ananishinda. Siku hiyo sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Bibi, mimi nataka kuondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kuondoka tu. Nisiwepo."

Mkaaji akasema kama anayeomba chumvi:

"Haya. Lakini tumalize kwanza pima hii. Usiniachie peke yangu, macho yangu hayaoni ukindu mwembamba."

Macho yale yalikuwa yakiona kiroboto kwenye mbwa anayepita ng'ambo ya mto. Lakini Zuhura aliendelea kusuka, na kesho yake alikuwepo, na keshokutwa pia. Hakuna aliyemwomba aishi. Aliombwa pima moja.

Sasa niseme juu ya mama yangu kabla sijasahau, ingawa wakati ule sikuona kama ana lolote katika habari hii. Mama alikuwa akimpelekea Mkaaji maharage kila mavuno, kapu zima, na alimwamkia kwa kupiga magoti mavumbini, yeye ambaye hata jumbe humwamkia amesimama. Nikiuliza maharage ni ya nini husema ni ya kula. Na ukutani kwetu kulitundikwa ukili mkuukuu, umekuwa mweusi kwa moshi, haujashonwa wala haujakatwa. Siku moja niliuchukua nikafungia mbuzi. Mama yangu hajui kupiga, hupiga kama anayefukuza nzi. Siku ile alinipiga kama askari, kisha akauosha ule ukili, akautundika palepale, na chakula cha jioni hakikupikwa.

Mwingine ninayepaswa kumtaja sikumwona hata mara moja. Ni mwanamke wa kijiji cha juu, mlimani. Yeye alijifungua, akageukia ukutani, wakampigia ngoma siku saba, na siku ya nane akamtia mwanawe kwenye kijito. Mkaaji hakuitwa. Walioitwa ni askari. Mwanamke akapelekwa mjini, akafungiwa bomani. Mkaaji aliposikia, alibeba kigoda chake akaenda mjini kwa miguu, safari ya kutwa nzima. Askari wa mlangoni wakamrudisha. Akaenda tena mwezi uliofuata, na safari hii Mdachi mwenyewe alitoka kibarazani, akamuuliza kwa kinywa cha karani.

"Wewe ni mama yake?"

"Hapana."

"Dada yake?"

"Hapana."

"Sasa ni nani wake?"

"Ni wa kukaa naye."

Wakacheka. Habari hii ilitufikia kupitia kwa wapagazi, na sisi watoto wa shule tuliigiza mchezo wake wiki nzima, mimi nikiwa Mdachi kwa kuwa nina tumbo. Mkaaji hakuizungumza. Lakini tangu siku hiyo, kila tarishi akishapita alikuwa akituuliza sisi wanafunzi, huku anajifanya anatafuta ugoro wake: "Kuna changu?" Kijiji kizima kilijua anangoja nini. Mimi nilijua kuliko wote, maana ndiye niliyekuwa nikimjibu, "Hakuna chako, bibi," na kwenda kuwachekesha wenzangu.

Kilichoniudhi mpaka nikachonga kiazi ni kidogo mno. Nilikuwa na wenzangu wanne, tumejibanza ukutani kwa Salehe, nikiwaigia Zuhura: macho makavu, mdomo wazi, mikono inasuka hewa. Walikuwa wamekwisha kuanguka kwa kicheko. Mkaaji akatokea nyuma yetu. Hakupiga mtu. Alinitazama mimi tu akasema:

"Wewe nakujua tangu huna meno. Ulikuwa mzito kubeba na mwepesi wa kichwa, na kichwa bado hakijaongezeka."

Wenzangu walihama kutoka kumcheka Zuhura wakanicheka mimi. Siku tatu shuleni nikaitwa Mzito. Mchekeshaji hapendi kuchekwa, ni kama mganga kuugua. Siku ya nne nikaenda kutafuta kiazi.

Nilijua karatasi ya kawaida haitamtoa. Jumbe aliwahi kumwita akiwa kazini, akamjibu mjumbe kwamba jumbe ana miguu. Kwa hiyo niliandika ile moja tu ambayo ingemtoa. Niliandika kwamba serikali imefikiri, na bibi anaruhusiwa kuja kukaa na yule mwanamke aliyefungwa, aje mara moja bila kuchelewa. Nilifikiri ataenda, atachekwa, atarudi na vumbi, nasi tutakuwa tumelingana. Nilikuwa nimeshatunga hata nitakavyomwigiza akirudi.

Nilimsomea. Alinyoosha mkono akaomba karatasi, akaishika kichwa chini miguu juu, akamtazama yule kuku wangu muda mrefu. Kisha akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake bila ugomvi wowote, na nilipaswa kusema pale. Niliona midomo yake inarudia maneno. Nilipaswa kusema. Badala yake nikasema, "Hongera, bibi."

Ilikuwa siku ya ishirini na sita ya Zuhura. Katika miaka yote Mkaaji hakuwahi kutoka nyumba kabla ya arobaini. Alikaa na ile karatasi magotini, akipima, nadhani, mwanamke aliye mbele yake anayeanza kula, na mwanamke aliye gizani asiye na mtu. Akaamua kwenda na kurudi. Mama mkwe wa Zuhura alikuwa mtu mwema, na huo ndio msiba wenyewe. Mkaaji akamwachia maagizo mbele yangu.

"Kesho naenda, keshokutwa nitarudi alasiri. Ukili huu hapa, ukindu wa siku tatu huu hapa. Asikose kitu mkononi. Usimsaidie."

"Nimesikia, dada."

"Usimsaidie, nimesema."

Aliondoka alfajiri na kigoda chake kichwani, anatembea kama msichana.

Mama mkwe alimtazama Zuhura siku ile, akamwonea huruma. Mtoto wa watu anaumwa, mwembamba, macho yameingia ndani, halafu anasukishwa kama mtumwa? Mchana Zuhura aliposinzia, yule mama akamwita nduguye, wakakaa wawili, wakasuka kwa mikono ya watu wenye afya, wakicheka, wakamaliza ukindu wote wa siku tatu. Wakafunga ncha fundo zuri. Zuhura alipoamka, mkwewe akamwonyesha.

"Mwanangu, nimekumalizia. Sasa pumzika."

Asubuhi ya pili mama mkwe alikwenda shambani mara moja kuwinga ndege, mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Zuhura alifagia nyumba. Aliosha vyombo, akavipanga. Alimwogesha mwanawe, akampaka mafuta, akamnyonyesha akashiba, akamlaza kwenye ungo mlangoni, kivulini, pale ambapo mtu wa kwanza kupita angemwona. Kazi zote zilikuwa zimekwisha. Walimkuta bwawani chini, pale tunapoogelea sisi wavulana, pana kina kirefu kidogo tu kuliko urefu wangu.

Mkaaji alifika alasiri kama alivyoahidi. Vilio vilimpokea njiani. Watu walimpisha, si kwa heshima. Mimi nilikuwa kwenye kundi, najificha nyuma ya mabega ya watu. Aliingia, akatoka na ule ukili mkononi, anaupitisha kwenye vidole mpaka akafika kwenye fundo.

"Nani amemaliza?"

"Mimi," mama mkwe akasema, analia. "Nilimhurumia."

Mkaaji aliuweka chini taratibu. Hakumlaumu. Hakusema alikuwa wapi wala nani alimwita wala nani alimsomea. Wengine walimsemea. Wakasema alifuata ukubwa wa boma. Wakasema alimwacha mgonjwa kwa sababu Wadachi wamemwandikia barua. Jumbe alitangaza asiitwe tena nyumba yoyote. Salehe aliporudi kutoka reli, hakwenda kwanza kaburini. Alikwenda kwa Mkaaji na shoka, akapasua kile kigoda vipande, akavitupa uwanjani. Mkaaji alisimama mlangoni akimtazama mpaka akamaliza.

Na mimi? Niliendelea na shule. Mwandiko wangu ulizidi kuwa mzuri. Niliacha kuogelea, wenzangu wakasema naogopa mzimu, nikawachekesha kwamba naogopa sabuni. Muhuri wangu nilikuwa nimeshaula. Nilikuwa nimeuchoma pamoja na viazi vingine siku ileile ya barua, na ulikuwa mtamu.

Miezi minane ilipita hivyo. Halafu wiki iliyopita mke wa mpwa wa jumbe alijifungua, na juzi akageukia ukutani. Ngoma zikaanza. Zinasikika mpaka shuleni. Mwalimu anafundisha hesabu na sisi tunahesabu mapigo. Leo asubuhi mama akanipa kapu la maharage nimpelekee Mkaaji. Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anapeleka.

Nilimkuta amekaa chini, kwenye jamvi lililochakaa, mahali pa kigoda. Amekuwa mdogo. Mikono yake ilikuwa mapajani, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu sikuwahi kuiona ikiwa haina ukindu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karani."

Jina hilo lilitosha. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Ulijua lini?"

"Mlangoni pa boma. Yule askari alimwita mwenzake, mwenzake akawaita wengine. Wakasema ndege huyu amechorwa na mtoto wa shule, ana mdomo wa kuku." Akanusa, lakini hakukuwa na ugoro. "Kisha mmoja akanihurumia, akaniambia yule mwanamke alikwisha kufa tangu masika. Kwa hiyo hapakuwa na wa kukaa naye. Na niliporudi, huku nako hapakuwa na mtu."

Ngoma zilikuwa zikilia upande wa jumbe. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Kwa karatasi ile ningekula hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kisha mnyororo.

"Ningekutaja mama yako angegeukia ukutani tena. Na mimi nimezeeka. Nyumba ile siiwezi mara ya pili."

"Nyumba ipi?"

Akanitazama kama zamani, nusura anitukane.

"Maharage haya ulidhani ni ya nini? Wengine nilikaa nao arobaini. Mama yako sitini na moja. Wewe mgongoni, mzito kama gunia, unakojoa kila nikiinama. Kila siku aliniambia niende zangu nimwache, na kila siku nikamwambia siendi. Siku ya sitini na moja akanyoosha mikono, akakuchukua. Ukili wake nikamwachia, nikamwambia asiufunge fundo."

Nikasema neno lililokuwa karibu.

"Bibi, nenda kwa mpwa wa jumbe. Unazisikia ngoma. Nenda tu."

"Nikifika nitamwambia nini?"

"Unalowaambia siku zote."

"Siku zote nilikuwa na neno moja tu, kwamba siondoki. Ukindu ni wa mikono, neno ndilo lililokuwa likishika mtu. Huyu binti atanitazama, ataona yule aliyemwacha Zuhura. Atalishika neno gani?" Alisema bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. "Ni kweli nilitoka kwa miguu yangu. Hilo ni langu. Lakini wewe ulikuwa na kinywa siku ile, na ulikuwa nacho miezi yote hii."

"Nisamehe, bibi."

"Sikusamehe. Usiniombe. Kapu mrudishie mama yako likiwa tupu, ana moja tu."

Nilirudi nyumbani nimelishika kapu tupu kwa mikono miwili. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nilimweleza yote nimesimama, kiazi, kuku, choo cha shule, nilivyosoma mara mbili, hongera niliyompa. Sikuchekesha popote, ingawa nilisikia mahali pa kuchekesha panapita. Alipofahamu, mikono yake ilisimama kwenye ungo. Akatazama ukuta. Nikaona jinsi anavyoweza kubaki vile, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kiboko.

Kisha akainuka. Akaingia ndani, akaushusha ule ukili mweusi wa moshi, akapiga vumbi lake mara moja gotini, akakaa na kuitafuta ncha isiyo na fundo. Vidole vyake viliipata. Bila kunitazama akasema:

"Nipe ukindu. Kaa hapa, shika huku. Tumalize kwanza pima hii. Halafu tutakwenda kwa Salehe, mimi na wewe, na utamwambia kwa mdomo wako, bila karatasi."